Wilkepu za magari ya zamani: zipi nzuri, zipi za kutupa

Wapenzi wasomaji, toleo lililopita kuna ndugu aliuliza kama auze wilkepu za Corolla yake ya zamani ili aweke rimu za spoti, nikamjibu kwa mistari miwili tu kwamba asiuze. Basi meseji zimemiminika, wengine wananiunga mkono wengine wananisema, na karibu zote zinahusu wilkepu. Kwa hiyo safari hii ukurasa mzima tunazipa hizo kofia za rimu, maswali ya injini na gia yasubiri toleo lijalo.

Kaka habari za kazi. Mimi na jirani yangu tunabishana kila jioni hapa kijiweni. Yeye anasema wilkepu ni za mtu aliyekosa hela ya rimu za spoti, mimi nasema kuna gari ukilitoa wilkepu zake umelivua nguo. Hebu tuamulie, zipi nzuri kuliko zote na zipi mbovu kuliko zote?
*Msomaji, Mbezi*

Nzuri kaka. Jirani yako mwambie nimempa pole, maana hapo umemshinda. Hebu achukue Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe, azing'oe zile kofia zake za kromu halafu alitazame gari kwa mbali, atajionea mwenyewe. Au Morris Minor yenye kile kikofia cha duara kilichogongwa herufi M katikati. Hizo ni ndogo, za bati, zinafunika katikati tu pale kwenye bolti na habu, na rimu yenyewe unaiona imepakwa rangi yake safi. Hakuna kinachojifanya kitu kingine pale, na mimi wilkepu naipimia hapo kwanza.

Marehemu baba alikuwa na Peugeot 404, gari lililoshinda mashindano ya Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963 halafu likarudia 1966, 1967 na 1968, na mzee hakuacha mgeni aondoke bila kuambiwa hilo. Jumamosi asubuhi alikuwa anazing'oa wilkepu moja moja anazilaza kwenye gunia chini ya mwembe, kazi ya kuzisugua ni yangu. Jivu alinikataza kabisa, anasema jivu ni la masufuria, kwenye kromu linaacha mikwaruzo ambayo baadaye ndio inaingiza kutu, kwa hiyo ni maji ya sabuni na fulana iliyochakaa basi. Ukimaliza unaona uso wako umevimba mle ndani kama puto, na mwembe wote uko nyuma yako, umejikunja. Mpaka leo nikiona wilkepu ya bati iliyotunzwa nakuwa yule mtoto.

Ukitoka kwenye hizo ndogo, mimi namba moja nawapa Benzi za zamani, W115 na W123. Kofia ya katikati imepakwa rangi ileile ya bodi, ina nyota, na pembeni panang'aa. Gari la kijani linakuwa na tairi zenye kijani chake, la maziwa na maziwa yake, yaani gari linaonekana limeshonwa suti kuanzia paa mpaka chini. Hamna rimu ya spoti inayoweza kufanya hivyo.

Marekani nako walikuwa na zao. Cord 810 ya mwaka 1936 ilivaa sahani nzima inayofunika rimu yote, lakini pembeni mwake wameitoboa matundu kuzunguka ili breki zipate hewa, ni kitu kizuri sana na kina akili. Oldsmobile Fiesta ya 1953 ilikuja na wilkepu zenye mapanga matatu katikati, gari lenyewe yalitengenezwa 458 tu lakini zile wilkepu vijana walizipenda wakawa wanazitafuta kwa ajili ya magari yao mengine na viwanda vikaziiga. Ila mambo ya mapanga na mabawa yakazidi, vitu vinachomoza nje ya tairi vinaweza kumnasa mpita njia, ikabidi mwaka 1968 sheria ya usalama ya Marekani izipige marufuku wilkepu na nati zenye mabawa yanayochomoza. Na mimi hapo nasimama na sheria, uzuri unaoweza kumchana mtu mguu siutaki.

Mbovu kuliko zote? Kwangu ni zile za plastiki zilizopakwa kromu ya uongo, zina nati za plastiki zisizofunga chochote, na nyingine nyuma ya matundu wamechora diski ya breki nyekundu kabisa wakati gari nyuma lina breki za dramu. Kromu yake inabanduka magamba kama samaki na ikishaanza hairudi. Za pili kwa ubovu ni zile za Marekani za miaka ya 70 na 80 zilizoigiza spoku za waya, nzito, zinapiga kelele, zinakusanya uchafu mpaka basi, na zilikuwa zinaibiwa mpaka wakaziwekea kufuli. Fikiria kofia ya tairi ina funguo yake.

Shikamoo. Nimeachiwa Beetle ya 1972 na marehemu babu, ipo hapa Magomeni. Wilkepu nne zote hazifanani, mbili zimevimba mbili ni bapa, na hizo zilizovimba zinachomoka kila nikipita kwenye tuta. Halafu tangu nizing'oe kusafisha mshale wa spidi umelala haupandi. Fundi anasema spidomita imekufa ninunue nyingine. Ni kweli?
*Mjukuu, Magomeni*

Marahaba mjukuu, na pole na msiba wa babu. Spidomita usinunue kwanza. Beetle haichukui spidi kwenye gia boksi kama magari mengine, kebo yake inapita katikati ya gurudumu moja la mbele, inatokeza pale kwenye kile kikombe cha grisi kinachofunika beringi, ncha yake ni ya pembe nne na imezuiwa na kipini kidogo sana. Gurudumu likizunguka linaizungusha kebo. Sasa mtu aking'oa wilkepu kwa pupa, au wilkepu isiyo yake ikawa inagonga kile kikombe, kipini kinaruka na ncha inarudi ndani, basi mshale unalala. Ng'oa wilkepu za mbele zote mbili uangalie, kikombe kimoja utakikuta kina kitundu katikati, kingine hakina. Kwenye chenye kitundu tafuta ile ncha. Ukiona imezama ndani au kipini hakipo, ugonjwa umeshaupata na dawa yake ni kipini. Ikiwa ncha ipo na kipini kipo, hapo ndio tuongelee kebo yenyewe, na spidomita iwe ya mwisho.

Wilkepu zako sasa. Zile zilizovimba ni za Beetle za zamani zaidi, za rimu ya bolti tano. Yako ya 1972 ina bolti nne na inavaa zile bapa, kwa hiyo mbili zilizovimba hazijawahi kuwa za gari la babu, kuna mtu alizipachika. Ndio maana zinachomoka. Na hata hizo bapa hazikuwa saizi moja miaka yote, usikubali maneno ya muuzaji, ijaribu kwenye rimu.

Halafu jinsi ya kuing'oa. Angalia ukingoni utaona vitundu viwili vidogo, wengi wanadhani ni vya kutolea maji. Vile ni vya kuingizia ndoano ya waya mgumu, gari likitoka kiwandani lilikuja nayo kwenye mfuko wa spana. Unaingiza ndoano, unapitisha mpini wa spana ya tairi kwenye kitanzi chake, unaegemeza mpini kwenye rimu unavuta taratibu, inatoka yenyewe bila mkwaruzo. Ukikuta wilkepu ya Beetle imepinda ukingo ujue ilichokonolewa na bisibisi. Tengeneza ndoano yako hata kwa waya mnene, uiweke kwenye buti isikae mbali na gari.

Mkuu nina Carina TI rimu za chuma. Plastiki zake za kiwandani zimechubuka. Kuna duka wameniambia niweke zile mpya zinazofanana na rimu za spoti, zinafungwa na nati zenyewe za tairi hivyo hazianguki kamwe. Nichukue?
*Dereva, Tabata*

Hapana mkuu, usichukue, na hili nalisema kwa uzito. Nati ya tairi inatakiwa ikae chuma kwa chuma kwenye rimu. Plastiki ikiingia katikati ya nati na rimu, ukikaza leo inabana vizuri, gari likitembea breki zikipata moto ile plastiki inalainika inajibana zaidi na nati inabaki imelegea. Utaanza kusikia mtetemo kwenye usukani, na ukiupuuza tairi linaweza kukupita barabarani. Ziko gari zilizotoka kiwandani na wilkepu za kushikwa na nati lakini zile zimetengenezwa nati ikae kwenye rimu na plastiki ishikwe pembeni tu. Hizi za dukani angalia tundu lake, kama nati haipiti ikagusa chuma, rudisha.

Za kiwandani zilizochubuka zinatengenezeka. Osha, piga msasa laini wa maji, mpe fundi rangi apulize praima ya plastiki kwanza halafu silva. Wengi wanaruka praima ya plastiki ndio maana rangi inabanduka baada ya wiki mbili. Na wakati wilkepu ziko kwa fundi pakaza na rimu zenyewe, maana matundu ya wilkepu yanaonyesha kutu ya nyuma hata wilkepu iwe mpya vipi.

Naishi Kigamboni. Wilkepu za nyuma zinalia kwiri kwiri nikienda taratibu, nikikimbia zinanyamaza. Na mvua za mwaka jana nilipita kwenye maji nikapoteza mbili kwa mpigo. Shida ni nini?
*Msomaji, Kigamboni*

Hiyo kwiri kwiri ni meno ya wilkepu yanasuguana na rimu kila tairi linapozunguka, maana rimu ya chuma inanepa kidogo ikibeba uzito. Geuza wilkepu yako utaona nyuma kuna waya wa duara unaosukuma meno kwenda nje. Huo waya ndio kila kitu. Ukiwa umelegea, umepata kutu, au haupo kabisa, wilkepu imekaa kwa kudra tu na tuta la kwanza litaichukua. Kwa nyie mnaokaa karibu na chumvi waya unakatika mapema, kwa hiyo kila ukiosha gari upapase kwa kidole, na paka grisi kidogo sana, kidogo kweli.

Angalia pia risasi za baransi, vile vipande vizito vya chuma vinavyobanwa ukingoni mwa rimu ili tairi lisitetemeke. Fundi tairi akimaliza kufanya baransi kama amebana risasi pale pale jino linapotakiwa kukaa, wilkepu haizami mpaka mwisho, inakaa imeinuka upande mmoja. Izungushe kidogo jino liepuke risasi, ila kile kitundu kikubwa lazima kikae sawa na valvu ya upepo, na ile sehemu waya ulipopindwa ndio inakaa usawa wa valvu. Watu wengi wanakosea hapo wakalazimisha kwa teke. Wilkepu inapigwa kwa kiganja, huku na huku kwa zamu, mpaka usikie imelia tap.

Kuhusu maji, hapo hamna uchawi, ukiingia kwenye maji mengi kama yale ya Jangwani kwa kasi maji yanaingia kwenye matundu yanaisukuma wilkepu kutoka ndani, na wakati mwingine namba ya mbele nayo inaondoka. Kama huna njia nyingine kabisa pita polepole sana. Ila mimi nakushauri usipite, wilkepu ni kitu kidogo kulinganisha na maji yanayokwenda.

Kufunga wilkepu na zile kamba za plastiki za nyaya ni ushamba?
*Msomaji, Sinza*

Sio ushamba hata kidogo, Dar hii tunaishi na vibaka wanaong'oa mpaka saiti mira. Tumia nyeusi, mbili tu zinazotazamana, kata mkia wake wote, na weka kisu kidogo kwenye buti maana pancha ya usiku barabara ya Mandela hutaki kuanza kuomba wembe. Na kama mnavyochonga namba ya gari kwenye taa na vioo, chonga na nyuma ya wilkepu.

Nataka kununua Benzi W123, mwenye gari ni mzee mmoja wa Upanga. Bodi ni nyeupe, wilkepu tatu nyeupe moja ya bluu. Mzee anasema haijawahi kupakwa rangi. Nimuamini?
*Msomaji, Ilala*

Ndugu yangu umeangalia vizuri. Kwa sababu wilkepu za W123 zilipakwa rangi ya bodi, zinaweza kukusimulia historia. Bluu ikiwa moja tu, inawezekana kabisa ya awali ilianguka akapata ya gari lingine hakupata muda wa kuipaka, hapo mzee hajakudanganya. Lakini usiishie hapo, muombe kwa heshima uzing'oe hizo nyeupe tatu. Geuza uangalie kwa nyuma na kwenye mikunjo ambako bunduki ya rangi huwa haifiki vizuri. Ukikuta bluu inachungulia chini ya nyeupe kwenye zote, basi gari hili liliwahi kuwa la bluu, au wilkepu zote zimetoka gari la bluu. Fungua buti, nyanyua zulia, fungua boneti uangalie kwenye kona, rangi ya kiwandani huko haifichiki.

Na ukiwa umezing'oa pitisha mkono karibu na kila rimu baada ya kulijaribu gari barabarani, usiguse, sogeza tu kiganja. Likiwepo gurudumu moja lina moto kuliko la upande wa pili hapo breki imeshika. Kwenye magari ya wilkepu za plastiki ni rahisi zaidi, plastiki inakuwa imepinda kama imeangukiwa na pasi. Niliwahi kumuona dereva mmoja ameshuka mteremko wa Kitonga na wilkepu tatu nzima na moja imekunjamana, yeye analalamika wilkepu feki, kumbe ile moja ndio ilikuwa inampigia kelele kwamba kalipa, ile inayobana diski ya breki, imeganda.

Habari ya kazi. Nina Datsun pikapu ya zamani, wilkepu tatu za bati zipo moja imepotea. Nizitoe zote niache rimu tupu au kuna pa kuipata?
*Msomaji, Mbagala*

Salama ndugu. Rimu tupu iliyopakwa rangi vizuri kwenye pikapu haina ubaya wowote, Land Rover zimetembea nchi hii yote bila kofia na hakuna aliyeziona ziko uchi. Ila ukitoa hizo tatu usizitupe wala usimpe mtu, na hakikisha vikombe vya grisi vya mbele vipo vyote viwili visilegee, maana sasa hakuna cha kuvikinga na vumbi.

Kuipata ya nne inawezekana. Anza Gerezani kwa wale wenye spea za mtumba, sio maduka ya mbele yenye vioo, ingia kule ndani ambako vitu vimetundikwa kwenye misumari mpaka darini. Halafu pita kwa mafundi wazee wa gereji za Ilala, wengi wana gunia moja la wilkepu za magari ambayo hayapo tena, wamelikalia tu hawajui nani atakuja kuuliza. Nilichojifunza kwa hasara ni kutokwenda na picha ya simu. Nilinunua moja hivyo kwa ajili ya gari la baba, kwenye picha ni pacha kabisa, nimefika nyumbani imezidi kama upana wa kidole na aliyeniuzia akasema mali ikishatoka hairudi. Kwa hiyo chukua moja ya zile tatu, ifunge kwenye gazeti isikwaruzike, nenda nayo mkononi uzipachike mgongo kwa mgongo pale pale dukani, na kama unaweza nenda na pikapu yenyewe, muuzaji aivalishe kwenye rimu, uzunguke nayo mtaa mmoja wenye matuta ndio utoe hela.